Sauti Kwanza, Kamera Baadaye

Vijana wa Garsen na vijiji vya ukingoni mwa Tana wanaotaka kutengeneza filamu za habari za nchi yao hutuuliza: "Tununue kamera gani iliyo rahisi?" Jawabu letu ni kuwa swali hili limetanguliza la nyuma. Yapasa waulize kwanza: je, maneno ya mzee atakayeketi mbele ya kamera hiyo yatasikika? Picha yenye ukungu kidogo mtazamaji huivumilia, lakini sauti asiyoifahamu humwondosha. Na mzee yule pengine hatapatikana kusema mara ya pili.

Watu wa Tana hawahitaji kufundishwa thamani ya sauti. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotumiwa tangu uhuru wa 1963, yatokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Kwa upande wa pili, ngadji, ile ngoma kuu ya Wapokomo iliyochukuliwa zama za ukoloni, imo katika British Museum mjini London tangu 1908. Gogo lake lipo na ngozi yake ipo, lakini hapana aliye hai leo aliyeisikia ikilia kando ya mto. Basi nyimbo za Wapokomo na masimulizi ya wafugaji wa Kiorma yaliyosalia katika vifua vya wazee yataka chombo cha kuyanasa kabla ya chombo cha kuyapamba.

Kwa hiyo, kijana aliye na simu yenye kamera ya wastani asitoe fedha yake ya kwanza kwa ajili ya kamera. Filamu ya Kimarekani iitwayo Tangerine, iliyoonyeshwa mwaka 2015, picha zake zilipigwa kwa iPhone 5s. Wengi husimulia habari hiyo, ila huacha nusu yake: sauti ya filamu ile haikunaswa kwa simu, bali kwa vyombo vya kazi hiyo hasa. Waliofanya uchache walijua pa kuufanyia.

Nunua maikrofoni ndogo ya kubana nguoni, uiweke shibri moja chini ya kidevu cha msemaji. Sababu yake ni hii: kila umbali baina ya kinywa na maikrofoni ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti hushuka hadi robo, lakini kelele za pikipiki na mbuzi hazishuki. Maikrofoni ya bei ndogo iliyo karibu huishinda ya bei kubwa iliyo mbali. Kabla ya kulipa, itazame plagi yake. Yenye mistari miwili myeusi aghalabu ni ya kamera, na yenye mistari mitatu ni ya simu. Ukikosea hapo huenda usipate sauti kabisa. Simu nyingi za siku hizi hazina hata tundu la plagi hiyo, hivyo hapana budi kununua na kiungo chake.

Upepo wa bonde la Tana nao usidharauliwe. Kifuniko cha sponji hufaa ndani ya nyumba. Nje yatakiwa cha manyoya. Kisha vaa vipokea sauti masikioni na usikilize mzee anapozungumza, wala si baada ya kurudi nyumbani. Ukipata fedha zaidi, kinasa sauti kidogo kama Zoom H1n, kilichotoka mwaka 2018, hutumia betri mbili za AAA na huingia mfukoni mwa msemaji pamoja na waya wa maikrofoni yake. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza, ili upate pa kuoanisha picha na sauti wakati wa kuhariri.

Hatusemi haya kwa kuidharau kamera. Siku yake ikifika, iliyotumika huweza kukufaa miaka mingi, ukiichagua kwa maswali wala si kwa ukubwa wake. (Wako wanaonunua kamera kubwa kwa kuwa yawapa haiba harusini, hao hatuna la kuwashauri.) Canon 2000D, kwa mfano, huonekana ni nafuu, lakini haina tundu la maikrofoni, 700D, ambayo ni ya zamani zaidi, inalo. Weka picha 25 kwa sekunde, na shata sehemu ya 50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Ukifanya kinyume, taa za dukani huonekana zikipepesa. Ama simu, ikinge na jua: watengenezaji wa iPhone hutaka itumike katika joto lisilozidi digrii 35, na jua la mchana wa Garsen huivusha simu kiwango hicho upesi, ikajizima katikati ya maneno.

Kadi za kumbukumbu zataka hadhari, kwani za bandia ni nyingi. Ijaze kadi mpya picha zisizo na maana mpaka mwisho, uzifungue, ndipo uiamini. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 22 kwa saa, hivyo kadi ya 64 haifiki saa tatu.

Ukisharudi, toa nakala mbili katika diski mbili, na diski hizo zisilale chini ya paa moja. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliwahamisha watu wengi wa Tana River majumbani mwao. Moja na ibaki Garsen, ya pili ipelekwe kwa jamaa wa Malindi au Mombasa.