Krismasi ni ya Yesu au ni ya Babu?

Bibi, mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 5. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na sote ni Walutheri. Kila Desemba tunapanda basi kwenda Moshi kwa baba mkwe. Huko ni nyama, ndizi, mbege na wageni kutwa nzima. Kanisani tunakwenda asubuhi ya tarehe 25 tu, tena kwa kukimbizana. Mwaka jana yule wa katikati aliniuliza mbele ya mawifi zangu: "Mama, Krismasi ni ya Yesu au ni ya Babu?" Watu walicheka, mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Tangu hapo nimejitahidi. Nimenunua Biblia ya watoto yenye picha, na kila Jumapili saa mbili usiku nawaketisha sebuleni kwa somo la nusu saa. Dada wa kazi anaosha vyombo kimya kimya ili tusisumbuliwe. Mkubwa anapiga miayo, mdogo analala. Baba yao anasema hiyo ni kazi ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Yeye anatoa ahadi yake kanisani, inatosha. Halafu kuna jambo jingine. Yeye na kaka yake huu ni mwaka wa pili hawasalimiani, kisa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Wanakula mbuzi mmoja, kila mtu na kona yake. Mwaka huu nimefikiri tubaki Dar, tufanye Krismasi ya Kikristo, sisi watano tu. Mume wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Mama Watatu, Tabata

*

Mwanangu.

Nianze na swali la mtoto, maana naona ndilo lililokuchoma. Huyo mtoto hakukuaibisha. Alifanya kile ambacho Biblia inategemea mtoto akifanye siku ya sikukuu. Fungua Kutoka sura ya 12. Waisraeli wanapewa maagizo ya Pasaka: mwanakondoo, damu kwenye miimo ya mlango, mikate isiyotiwa chachu, mboga chungu. Katikati ya maagizo hayo wanaambiwa kwamba siku moja watoto watauliza maana ya mambo haya, na wakubwa wawe na la kujibu. Hadi leo, katika nyumba za Wayahudi, usiku wa Pasaka mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeanza kwa kuuliza, na wakubwa wanasimulia.

Angalia mpangilio wake. Watu wanafanya jambo, mtoto analiona, anauliza, ndipo maneno yanakuja. Wewe umeanza na maneno, tena saa mbili usiku, mdogo macho mazito na kesho yake ni shule. Hata mimi ningepiga miayo. Hilo somo liache. Biblia ya picha usiiweke kabatini. Mwachie mdogo aifungue anapotaka yeye.

Sasa tumjibu mtoto. Mwambie Krismasi ni ya Yesu, na ndiyo sababu mnakwenda kwa Babu. Atashangaa, naye akishangaa umempata. Msimulie kwamba Yosefu hakuwa mkazi wa Bethlehemu. Alikuwa akiishi Nazareti, akafunga safari hadi mji wa ukoo wake kwa sababu watu walitakiwa kuandikishwa kwao, na yeye alikuwa wa mbari ya Daudi. Yesu alizaliwa katika safari ya kwenda kwa mababu, mji umejaa wageni na nafasi hakuna. Mtoto aliyewahi kulala wanne kitanda kimoja huko Moshi, binamu kichwani na binamu miguuni, hilo la kukosa nafasi ataelewa upesi kuliko mchungaji wenu.

Mkubwa wako ana miaka 12, na hapo umebahatika. Mpe Luka sura ya 2 aisome ndani ya basi kuanzia mstari wa 41, mkiwa mmeshapita Korogwe na wenzake wamelala. Atamkuta mvulana wa umri wake, ambaye wazazi wake walikuwa na desturi ya kupanda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka. Wakati wa kurudi anabaki nyuma, na wazazi wanatembea mwendo wa kutwa nzima bila wasiwasi. Muulize: inakuwaje Mariamu, mama wa Bwana, apoteze mtoto kutwa nzima? Jibu limo humo humo: walidhani yumo kwenye msafara, pamoja na ndugu na jamaa. Walikuwa wakisafiri kama mnavyosafiri nyinyi, kiukoo, na mtoto wa mmoja ni wa wote. Siku ya tatu wakamkuta hekaluni, amekaa kati ya walimu, anasikiliza na kuuliza maswali. Kuuliza maswali, Mama Watatu!

Kwa hiyo, Krismasi hiyo ya watu watano mliojifungia Tabata mimi siioni kuwa ya Kikristo kuliko ile ya kwa Babu. Ni ya utulivu zaidi, hilo nakubali. Lakini ukiwatenga watoto na ukoo ili wamwone Yesu, utawafundisha kwamba Yesu na ukoo wao hawapatani, na wakikua watachagua kimoja.

Nilichokiona mimi katika barua yako ni kingine. Kuna mtu umemtaja mara moja tu, tena akiwa kwenye masufuria. Watoto wanaketishwa wasikie habari za Yesu, na dada anaosha vyombo kimya kimya asiwasumbue. Somo la usiku huo walilipata kabla hujafungua kitabu. Amri ya kuitakasa siku ya mapumziko, ukiisoma yote katika Kutoka 20, inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, na mgeni, na mpaka mifugo. Dada huyo Jumapili anakwenda kanisani saa ngapi? Nyinyi mkiwa Moshi yeye anakuwa wapi, analinda nyumba? Mshahara wa Desemba anaupata kabla hamjapanda basi au mkirudi Januari mifuko imetoboka? Mkubwa na wa katikati waoshe vyombo vya Jumapili, dada aketi. Mpe nauli mapema aende kwao. Watoto wakiuliza kwa nini, hapo ndipo pa kumtaja Yesu, kwa sentensi mbili. Haitahitaji nusu saa.

Siku nyingine za kanisa nazo zina kazi yake, ila sitazipitia zote. Kwaresima ni kazi ya yule wa miaka 9. Mpe kalenda ya ukutani ahesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Atapata siku 46 na atakuja mbio kukuambia kanisa limekosea. Aondoe Jumapili 6, zibaki 40, kwa sababu kila Jumapili ni ukumbusho wa kufufuka na haihesabiwi katika mfungo. Sikukuu ya Mavuno ndiyo niipendayo mimi. Watoto wa mjini hawana shamba, basi wanunulie mche wa mchicha wapande kwenye ndoo, wapeleke fungu lao madhabahuni kwa mikono yao. Mnada wa mazao hayo ukianza nje ya kanisa baada ya ibada, wabaki waangalie. Watamwona mtu mzima mwenye akili zake ananunua mkungu wa ndizi kwa bei isiyo ya sokoni, kisha anamkabidhi bibi mjane aliyekaa benchi la mwisho. Hapo usiseme kitu. Ngoja waulize.

Kuhusu baba yao, usibishane naye kuhusu shule ya Jumapili. Mwonyeshe Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, ambayo mkubwa wenu ataibeba akianza mafundisho ya kipaimara. Luther aliziandikia sehemu zake vichwa vinavyosema wazi kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba atakavyowafundisha walio nyumbani mwake. Baba mwenye nyumba, si mwalimu wa Jumapili. Mlutheri hana pa kutokea hapo. Lakini usimpe somo la kufundisha, atakimbia. Mwombe awasimulie watoto alivyopata kipaimara, nani alimnunulia shati, Babu alimwambia nini siku hiyo. Wanaume wengi hawawezi kuhubiri ila kusimulia wanaweza.

Nimeliacha kwa makusudi lile la kihamba, kwa kuwa ndilo kubwa. Unaweza kuwasomea watoto Mathayo yote, kuanzia nasaba hadi kufufuka, lakini kama kila tarehe 25 wanamwona baba na baba mkubwa wakila mbuzi mmoja bila kusalimiana, wameshajua imani ya nyumba yao inaishia wapi. Katika Mathayo 5 Yesu anasema mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka hapo kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza akapatane naye. Ahadi anayotoa mume wako kanisani ni njema, lakini inamsubiri.

Na nyinyi Wachaga mna njia yenu. Jani la isale liko mpakani mwa vihamba, na mtu akilibeba kwenda kuomba radhi, kulikataa ni jambo zito. Wapo walokole wanaoliita upagani. Mimi siwafuati. Mchungaji Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka 1938, alishikilia kwamba vifungo vya ukoo na ujirani ni vya kujengea kanisa, si vya kubomoa, na ukoo wenu mpaka leo unakutana Desemba kwa sababu vifungo hivyo havikukatika. Isale halimpi mtu msamaha wa Mungu, wala hakuna aliyesema hivyo. Ni namna ya kusema "nisamehe" kwa watu ambao midomo yao imekwama.

Lakini salamu na mpaka ni mambo mawili. Kusalimiana na kaka hakumaanishi kuacha haki ya ardhi. Mipaka iende kwa wazee wa ukoo, na ikishindikana iende kwenye baraza la kata. Mume wako anaweza kumwamkia kaka yake asubuhi na kubishana naye kuhusu mpaka mchana, mbele ya mashahidi. Wala usiwapange watoto mstari waje kutazama baba akipiga magoti. Hilo litakuwa igizo na wataliona ni igizo. Yafanywe na wakubwa kwa Babu, faragha. Watoto watajua wakati wa chakula, baba mkubwa atakapokaa upande huu wa meza.

Unaweza kushindwa. Kaka anaweza kukataa. Hata hivyo watoto watakuwa wamejua kwamba baba yao alikwenda, na hilo hakuna mwalimu wa shule ya Jumapili anayeweza kuwapa.

Krismasi nayo haiishi tarehe 25 jioni. Tarehe 26 kanisa linamkumbuka Stefano aliyepigwa mawe huku akiwaombea wauaji wake, na sikukuu inaendelea hadi Epifania, Januari 6. Mkipata basi la kurudi kabla ya hapo, msimulieni mtoto wa kati jinsi Yosefu alivyoondoka usiku na familia yake kwenda Misri. Ya Herode kuwaua watoto wa Bethlehemu msimsimulie mdogo kwanza, bado ana miaka 5.

Nendeni Moshi. Kata tiketi mapema kabla nauli haijapanda, mlipe dada mshahara wake, na umwombe mume wako ampigie kaka yake simu wiki hii, asingoje Desemba.