Kwa Nini Moshi Hulala Bondeni

Msomaji aliyewahi kuamka alfajiri katika nchi ya milima, mwezi wa Juni au Julai, amekwisha kuliona jambo hili. Moshi wa mekoni hutoka juu ya mapaa, hupanda kidogo, kisha hujinyosha kama mkeka na kulala juu ya bonde. Jua likishika nguvu, mkeka ule hukunjwa na moshi huenda zake. Wengi hudhani ni ukungu tu. Leo twataka kueleza sababu yake, kwa maana jambo hili limewahi kuua watu.

Jua hupasha moto ardhi, na ardhi ndiyo ipashayo moto hewa iliyo karibu nayo. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda, ikichukua moshi na vumbi. Hiyo ndiyo desturi ya mchana. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoa upesi, nayo hewa iliyoigusa hupoa pamoja nayo. Hewa baridi ni nzito: huteremka kando ya vilima kama maji na kujaa bondeni, na hewa yenye joto hubaki juu yake. Basi mambo yamepinduka, chini baridi na juu joto. Moshi hupanda hata ufike penye hewa ile ya joto, na hapo husimama, kwa kuwa si mwepesi kuliko hewa iliyo juu yake. Bonde limekuwa chungu chenye kifuniko.

Tazameni mji wa Donora, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Mwaka 1948 watu wake walikuwa kama 14,000 tu. Umejengwa penye kona ya mto Monongahela, na vilima vimeuzunguka, vyapata futi 400 juu ya maji. Kando ya mto palikuwa na kiwanda cha chuma cha pua, na kingine cha zinki kilichoanza kazi mwaka 1915. Madini ya zinki huwa na kibiriti ndani yake. Yakichomwa hutoa hewa kali iwashayo macho na koo. Ng'ambo ya mto, katika kijiji cha Webster, mimea ilikauka, hata wakulima wakaenda mahakamani.

Mwisho wa Oktoba huko ni majira ya kupukutika majani. Usiku ni mrefu na jua ni dhaifu. Siku ya Jumanne, tarehe 26 Oktoba 1948, kifuniko kilifunga. Siku nyingine kilikuwa kikifunguka kabla ya adhuhuri. Safari hii hakikufunguka, kwa sababu ukungu mzito ulilizuia jua lisifike chini. Ijumaa watu waliandamana barabarani katika sherehe yao ya kila mwaka, nao hawaonani vema. Jumamosi mpira ulichezwa, na watazamaji hawakuweza kuufuata kwa macho. Walikuwa wamezoea moshi, na mazoea hayo ndiyo yaliyowaponza. Wazima moto walikwenda nyumba kwa nyumba, wakipapasa njia, wakichukua mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa. Jumapili tanuri za zinki zilipunguzwa moto, na mvua ikanyesha ikaisafisha hewa. Kwa jumla watu 20 walikufa, wengi wao wazee na wenye pumu au ugonjwa wa moyo, na wapata 6,000 walikuwa wameugua.

Je, juma lile tanuri zilitoa moshi mwingi kuliko desturi? La, moshi ulikuwa ule ule wa kila siku. Kilichobadilika ni hewa. Kadhalika huko Ubelgiji, katika bonde la mto Meuse, watu zaidi ya 60 walikufa mwezi wa Desemba 1930. Kiwanda cha zinki cha Donora kilifungwa mwaka 1957.

Kwetu, mji wa pwani una bahati, kwa kuwa upepo wa bahari huupitia mchana na wa bara usiku. Mji wa bondeni hauna. Masika mvua huosha hewa. Kiangazi cha baridi ndicho kibaya, na ndicho wakati watu wachomapo matofali na takataka. Basi tanuri la matofali lisiwekwe chini kabisa bondeni karibu na nyumba, wala takataka zisichomwe jioni au alfajiri. (Kuzifukia ni bora zaidi, ila kazi yake wachache waipenda.)

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila gharama. Awachukue wanafunzi kilimani kabla ya jua kuchomoza, asubuhi tulivu isiyo na mawingu, wautazame moshi wa kijiji na kutia alama mahali unapokoma kupanda. Kisha wangoje, waandike saa ambayo moshi unaanza kupanda tena. Wafanye hivyo mwezi wa Julai na tena mwezi wa Novemba, wazilinganishe saa hizo mbili.