Somo: Mwalimu wa chuo anapoonewa kazini

Tukisema amani mara nyingi tunafikiri bunduki. Leo tuangalie ofisi.

Bukavu ni mji wa vyuo: UOB, UCB iliyoanza 1989, ISP, ISDR na vingine. Baadhi yenu mliohama mna mzazi au mtoto anayefundisha humo.

Heinz Leymann, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi Sweden, alichunguza uonevu wa kazini tangu miaka ya 1980. Kwake, neno kali la siku moja si uonevu. Uonevu ni matendo yanayorudiwa walau mara moja kwa juma, kwa miezi 6 au zaidi.

Chuoni unapata nafasi kubwa. Asistenti ana mandati ya miaka 2, na kazi yake ya udaktari inamtegemea profesa. Anayetaka kumtesa hana haja ya kumpiga: anamnyima masomo, hamwiti mkutanoni, anamcheka mbele ya wanafunzi, anaikalia dosie yake ya kupanda cheo.

Mwili ndio unaolipa. Usingizi unapotea, kichwa na tumbo vinauma, presha inapanda, huzuni inakaa. Wa kwanza kuona ni watu wa nyumbani. Wengine watasema amerogwa. Wengine, ni vita tu. Kweli vita vimetuchosha, na Februari 2025 M23 waliingia hata Bukavu mjini. Lakini ukiona anapata nafuu wakati wa likizo na kuugua tena masomo yakifunguliwa, mwulize habari za kazi. Umpeleke pia kituo cha afya wampime presha.

Hatari nyingine ni jamaa wanaosema, "Wale wanamwonea mtoto wetu." Hapo ugomvi wa ofisi umekwisha kuwa wa makabila.

Aandike katika daftari tarehe, maneno na waliokuwepo. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inahesabu mnyanyaso wa namna hii kuwa kosa zito. Watumishi wa Serikali wana kanuni zao, basi aulize sendika kwanza.

Viongozi, msiharakishe kuwapatanisha. Mnyonge akiletwa mbele ya mkubwa wake siku ya kwanza, ndiye atakayeomba msamaha. Msikilizeni peke yake, kisha mwingine peke yake.

Maswali ya kikundi:
Kwetu, nani anaweza kumwambia mkubwa kwamba anaonea, naye akasikia?
Mke au mume wa anayeonewa, sisi tunamsaidia namna gani?