Zimebaki siku 12, na usingizi sina

*Shikamoo Shangazi. Ninaishi Biharamulo. Nilimuuguza jirani yangu aliyefariki, na sasa wahudumu wa afya wananifuatilia kwa siku 21 kwa ajili ya ugonjwa wa Marburg. Zimebaki 12. Mara tulisikia ugonjwa haupo, mara Januari 20, 2025 Rais akatangaza upo. Najipima joto kila baada ya nusu saa. Moyo unanienda mbio, silali, nawagombeza watoto bure. Nimeanza kuugua, au akili inaniruka?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Akili yako ni nzima. Kinachokutesa ni kutojua, nako huuchosha mwili kuliko hata habari mbaya yenye uhakika. Mwaka 2016 watafiti wa London waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe. Akitokea nyoka, mchezaji anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Jasho halikuwatoka sana walipojua wazi kuwa shoti inakuja. Liliwatoka zaidi walipokuwa hawajui kabisa kama itakuja au haiji. Nao ulikuwa mchezo tu. Wewe unangoja kujua kama utawalea wanao.

Kipimajoto hicho kinakuponza. Ukikitazama unatulia dakika chache, kisha shaka inarudi kudai kipimo kingine. Pima asubuhi na jioni, kisha kifungie kabatini. Hofu peke yake huweza kuleta mapigo ya mbio, jasho na kichwa kuuma, na kichwa huuma kwa Marburg pia, kwa hiyo usijipe majibu mwenyewe usiku wa manane. Ukipata homa, ukitapika au kuharisha, jitenge hapo hapo ulipo, usipande bodaboda, mpigie mhudumu wako au 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kuamua ni kazi yao.

Habari zilipogeuka, imani yako ilitikisika, na una haki. Hata hivyo usitafute majibu kwenye makundi ya WhatsApp. Kila siku andika swali moja, mhudumu akija muulize, naye akisema hajui, mshukuru kwa kusema kweli.

Watoto waambie kwa maneno machache kwamba mama anaangaliwa afya yake, hana homa, na hasira zake hazikutokana na wao. Mtu asiye na dalili haambukizi Marburg, basi usijione sumu ndani ya nyumba yako.

Jambo moja limenigusa: jirani yako umemtaja mara moja tu. Ulimuuguza, akafa, na papo hapo ukaanza kuhesabu siku zako. Naamini sehemu ya kukosa usingizi huko ni kilio ambacho hakijapata nafasi. Mpigie simu mtu aliyemfahamu, mumzungumzie marehemu, ulie.

Siku 21 zikiisha na usingizi bado hauji, au ukijikuta unatamani kufa hata kabla ya hapo, mwambie mhudumu akuunganishe na mtaalamu wa afya ya akili. Usingoje akuulize.