Kinyonga wa Vilima vya Taita

Ukisimama Bura ukatazama juu Chawia, utaona msitu umesalia kidogo, mashamba yameuzunguka. Katika misitu ya vilima hivi yumo kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili bapa puani. Hapatikani penginepo duniani. Wataalamu walimpa jina la kitaalamu mwaka 2002, kwa heshima ya Mjerumani Wolfgang Böhme.

Msitu ukiisha, atahamia wapi? Chini ni nyika kavu ya Tsavo. Na aghalabu sisi wenyewe humwua, tukidai ana sumu au nuksi. Sumu hana, chakula chake ni wadudu. Na hiyo nuksi ni dhana tupu. Umkutapo njiani, mnyoshee kijiti apande, kisha umweke kichakani.