Barua ya Jemadari Conway

Siri ya mtungi iulize kata. Mwaka 1777, Wamarekani walipokuwa wakipigana na Waingereza, Jemadari Thomas Conway alimwandikia mwenziwe, Horatio Gates, akimtweza mkuu wao, George Washington. James Wilkinson, msaidizi wa Gates, alipokuwa akipeleka habari za ushindi wa Saratoga, akayatoboa maneno hayo njiani. Jemadari Stirling akampasha Washington habari kwa barua. Washington hakutukana, alimwandikia Conway barua fupi mno, akimtajia tu maneno yale aliyopashwa. Mwaka 1778 Conway alijiuzulu. Washington aliongoza jeshi mpaka vita vilipokwisha mwaka 1783. Basi, tukiandika kwa hasira, tukumbuke kwamba barua huweza kumfikia yule tunayemsengenya.