Mbinu za kutafuta visukuku makorongoni

Meno ya papa usiyatafute huku kwetu Namswea, Umatengo, utachoka bure. Ukiyataka, safiri hadi Lindi: kule Tendaguru matabaka ya dinosau yamepishana na matabaka ya bahari yenye makombe, na meno madogo ya papa yameshapatikana humo.

Huku kwetu kuna mifupa, tena ya kale zaidi. Vilima vya Umatengo viruke. Mawe yake yamepikwa na joto la ardhini, hayana kitu. Shuka Bonde la Ruhuhu, kwenye mawe ya mchanga na tope yaliyoachwa na mito zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita. Mifupa ya Nyasasaurus iliokotwa bonde hilo miaka ya 1930. Huenda ndiye dinosau wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu.

Nenda mvua zikishakatika. Maji yameshakuchimbia, wewe kazi yako ni macho. Wahi asubuhi: jua likiwa chini, kila kipande kinatupa kivuli.

Anza chini ya korongo, si juu ya ngema. Ukiokota kipande, panda nacho kufuata maji yanakotoka. Vipande vitaongezeka, kisha vitakoma ghafla. Simama hapo, tazama kingo zote mbili: mfupa wenyewe umechomoza karibu.

Jiwe au mfupa? Tazama palipovunjika. Mfupa una vitundu vidogo vidogo katikati na ganda lililoshikana nje. Jiwe la kawaida ni lile lile nje na ndani. Kwenye mawe ya tope jirani na makaa ya mawe, kama upande wa Ngaka, tafuta chapa za majani ya mmea wa kale, Glossopteris, marefu kama ulimi. Ila mgodini usiingie bila ruhusa.

Ukingoni mwa Ruhuhu penyewe usizubae. Mamba wapo.

Nyundo iache nyumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda visukuku, na kuchimba kunahitaji leseni. Weka sarafu kando ya mfupa, piga picha ya karibu na ya mbali, hifadhi lokesheni kwenye simu. Kipande ulichopanda nacho kirudishe ulipokitoa. Kisha mwone mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya, umwonyeshe picha. Mfupa ukihamishwa bila kumbukumbu ya tabaka lake, mtafiti atapata shida kujua umri wake.